Mizani ya Samaki na Bolti Kumi za Hedi

Gari letu lilichemsha mwezi wa Machi, katika foleni ya feri upande wa Likoni, muda mfupi kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Anayeijua Mombasa anajua Machi ni mwezi wa namna gani: kaskazi imekwisha nguvu, kusi bado haijaingia, na hewa imesimama kama maji ndani ya mtungi. Niliuona mshale wa joto ukipita katikati nikiwa na magari kama 30 mbele yangu, nikajiambia kwamba nikishaingia kwenye feri nitazima injini, nayo itapoa tukivuka. Nikasogea, nikasimama, nikasogea tena, kwa dakika 20 hivi, mpaka mvuke ukaanza kutoka kando ya boneti na injini ikazimika yenyewe. Dakika hizo ndizo zilizoniharibia injini, na ninazitaja mwanzoni kwa sababu msomaji akikumbuka jambo moja tu katika simulizi hii, ningependa liwe hili: mshale ukipanda kupita kawaida yake, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama walio nyuma yako wanapiga honi.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, ya gia za mkono, yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498. Lilivutwa hadi gereji moja ambako fundi alilitazama bila kufungua hata plagi moja, akasema hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, imekufa na dawa yake ni kununua injini nyingine iliyotumika. Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja kisiwani, na ingawa nimezoea kubadilisha oili, breki na plagi kwa mikono yangu, sikuwahi kuifungua injini. Hata hivyo sikuridhika kwamba kitu kisichofunguliwa kinaweza kuhukumiwa, kwa hiyo nikaomba gari lirudishwe nyumbani, nikaliegesha uani chini ya mwembe.

Vifaa nilivyokuwa navyo ni seti ya soketi za milimita 8 hadi 19, spana kadhaa, bisibisi mbili, koleo, jeki ya gari lenyewe, na kitabu cha ufundi cha injini za aina hiyo nilichokuwa nimekihifadhi kwenye simu. Sikuwa na spana ya kupimia mkazo wa bolti, sikuwa na geji ya kompresheni, yaani ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda, wala winchi ya kuinulia injini, wala hata kimoja kati ya vile vifaa vya kiwandani ambavyo kitabu kinavitaja kwa namba karibu kila ukurasa. Soketi ndefu ya bolti za hedi, ambayo sikuona namna ya kuikwepa, niliiazima.

Kabla ya kufungua chochote nilitaka kujua ugonjwa wenyewe, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mengi yanayofanywa kwa geji yanaweza kufanywa kwa subira na mikono. Nilichomoa kijiti cha oili nikaona oili ni safi. Ingekuwa imechanganyika na maji ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikachomoa plagi zote nne na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake. Ya kwanza na ya nne zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, kama inavyotakiwa, lakini ya pili na ya tatu zilikuwa nyeupe na safi kana kwamba zimeoshwa, na kwa kweli zilikuwa zimeoshwa kwa mvuke. Tulichomoa waya wa koili na fyuzi ya petroli, mpwa wangu akaizungusha injini kwa stata huku mimi nimeziba matundu ya plagi kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Kwenye silinda ya kwanza na ya nne kidole kilisukumwa kwa nguvu. Kwenye ya pili na ya tatu kilisukumwa kidogo tu, na upepo ulisikika ukihama kutoka moja kwenda nyingine. Kisha tukarudisha kila kitu, nikavisha shingo ya rejeta glavu ya mpira nikaifunga kwa uzi, tukawasha injini ikiwa baridi. Glavu ilivimba mara moja na kuanza kupigapiga kama moyo. Gesi ya kwenye silinda ilikuwa inaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na hapakuwa na dalili yoyote kwamba bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, au pistoni zimeguswa.

Uani kwetu ni mchanga, na mchanga una hatari yake. Jeki inazama upande mmoja bila kutoa sauti. Nililaza ubao mpana chini ya jeki, na gari lilipoinuka nikalikalisha juu ya vipande vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana, safu juu ya safu, nikalisukuma kwa bega kuhakikisha kwamba halitikisiki kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono chini yake. Kuna watu wanaotumia matofali ya mawe yetu haya ya matumbawe. Tafadhali, usifanye hivyo. Jiwe hilo hubeba ukuta kwa miaka mia kwa sababu mzigo umeenea juu yake lote, lakini ukilibebesha gari kwenye nukta moja hupasuka ghafla, na aliye chini hapati hata nafasi ya kupiga kelele.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipeleka pistoni ya silinda ya kwanza kwenye kilele chake ili alama za taimingi zilingane. Kitabu kinaonyesha alama kwenye puli, lakini ya kwangu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba sikuziamini nilizoziona. Nikachagua chelewa moja ndefu na nene kutoka kwenye fagio la uani, nikaitumbukiza kwenye tundu la plagi mpaka ikagusa pistoni, na mpwa wangu akazungusha krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa spana, polepole, kwa mkono tu. Chelewa ilipanda, ikasimama, kisha ikaanza kushuka. Tukarudi nyuma kidogo na kwenda mbele mara tatu mpaka tukaipata nukta ya katikati. Chuma kingekwaruza kichwa cha pistoni, na kijiti kikavu kingeweza kuvunjikia ndani, ila chelewa inapinda na hairuhusu madhara hayo. Tulipokwisha, kile kitundu kidogo cha puli ya kamshafti, mhimili wa juu unaofungua vali, kilikuwa kimelingana na alama ya kifuniko cha beringi kama kitabu kinavyosema, nami nikajua kwamba tuko mahali pake.

Bolti ya puli ya krankishafti ilitusumbua nusu siku nzima. Hukazwa kwa mkazo wa nyutoni-mita 118, na baada ya miaka ya hewa ya chumvi ilikuwa imeshikana kama ndoa. Mafundi wengi huifungua kwa kukwamisha spana kwenye fremu kisha kugusa stata, injini ijifungue yenyewe. Niliikataa njia hiyo, kwa sababu spana ikiteleza huruka na hakuna ajuaye itaangukia wapi. Tuliweka gia ya tano, shemeji yangu akakaa ndani akakanyaga breki kwa uzito wake wote, nami nikavisha mpini wa spana kipande cha bomba la maji cha urefu wa mita moja. Kwa mkono mfupi nilikuwa navuta mpaka mishipa inasimama. Kwa bomba, bolti ilitoa mlio mmoja mkavu na kulegea.

Kwenye injini hii mkanda wa taimingi huzungusha kamshafti moja, na hiyo huizungusha ya pili kwa gia. Gia ya ile ya pili imegawika sehemu mbili zenye springi katikati yake, na ukiitoa bila kuzifunga pamoja, springi huzitenganisha na hutaweza kuzirudisha kirahisi. Kitabu kinataka bolti maalumu ya kuzifungia. Nilipoisoma vizuri niligundua kwamba ni bolti ya kawaida kabisa ya milimita 6, urefu kati ya milimita 16 na 20, na mfano wake ulikuwa unashikilia kibati kimoja kwenye gari hili hili. Niliieleza kwa undani kwa sababu ni mfano mzuri wa neno "maalumu" linavyomtisha mtu bure. Mara nyingi kinachotakiwa kiko karibu, ila kimepewa namba.

Kila bolti iliyotoka ilichomekwa kwenye katoni niliyoichora umbo la injini, mahali pale pale ilipotoka. Jambo hili dogo liliniokoa baadaye, maana bolti kumi za hedi hazilingani: tano za upande wa manifoldi ya hewa zina urefu wa milimita 90, na tano za upande wa ekzosi zina milimita 108. Zinapokuwa mkononi zimepakwa oili, tofauti hiyo haiji machoni kwa urahisi. Tulizilegeza kidogokidogo, kutoka kingo kuelekea katikati, injini ikiwa imelala usiku kucha ili iwe baridi kabisa, kwa kuwa hedi ya aluminiamu ikifunguliwa na joto lake huweza kupinda. Tuliinyanyua watu wawili. Kwenye gasketi, kati ya silinda ya pili na ya tatu, palikuwa na mlia mweusi ulioungua, upana kama wa unyasi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa.

Kitabu kinasema uso wa chini wa hedi usiwe umepinda zaidi ya milimita 0.05. Nililaza rula ya chuma juu yake, mpwa wangu akamulika kwa tochi upande wa pili, tukaona mwanga mwembamba sana katikati. Nikajaribu kupitisha kipande cha karatasi ya daftari, hakikupita. Nikasema hedi imenyooka. Sikujiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: karatasi hiyo ina unene gani? Karatasi ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.1, yaani mara mbili ya kiasi kinachoruhusiwa, kwa hiyo kutopita kwake hakukuthibitisha lolote. Na rula yenyewe nilikuwa sijui kama imenyooka. Nilipima kwa kitu kisichoweza kuliona kosa nililokuwa nalitafuta, nikajiridhisha.

Uangalifu wangu wote niliuweka kwenye bolti, na huko, namshukuru Mungu, mambo yalikwenda sawa. Bolti za hedi za injini hii hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 29, kisha kila moja huzungushwa robo ya duara, kisha robo nyingine. Kitabu kinaandika pia kipimo hicho cha kwanza kwa njia ya zamani, kilo-sentimita 300, yaani kilo zikizidishwa kwa sentimita, na nilipoiona namba hiyo nilihisi nimesimama mbele ya ubao darasani. Mkazo ni nguvu ukizidisha kwa urefu wa mkono. Mkono ukiwa na sentimita 30, nguvu inayohitajika ni kilo 10. Basi sikuhitaji spana ya bei ghali. Nilihitaji mpini wenye urefu ninaoujua, na mizani.

Jirani yetu ni mvuvi, mzee ambaye sote mtaani tunamwita Ami, naye ana mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, yenye ndoano na springi. Nilikwenda kwake baada ya swala ya alasiri.

"Mizani yangu utaipimia gari, mwalimu?" aliniuliza.

"Nitapimia nguvu ya mkono wangu, Ami. Lakini kwanza niruhusu niijaribu."

"Ijaribu. Ila alfajiri naitaka, mashua zinaingia."

Nilichukua pakiti tano za unga wa sima, za kilo mbili mbili, nikazitia kwenye kikapu na kukitundika. Mshale ulisimama kwenye kumi na ushei kidogo, ambao ni uzito wa kikapu chenyewe. Nikaikwangua alama kwenye mpini wa spana kwa tupa, sentimita 30 kamili kutoka katikati ya soketi, ili ndoano isiteleze. Kisha nikasafisha matundu ya bolti kwenye bloku kwa kitambaa na pampu ya baiskeli mpaka yakawa makavu kabisa, maana oili au maji yakibaki chini ya tundu hayana pa kwenda bolti inapoingia, na bloku huweza kupasuka. Nyuzi za bolti nilizipaka oili kidogo tu. Mpwa wangu alivuta mizani kwa pembe mraba na mpini, polepole bila kushtua, nami nikasoma: kilo 4 kwa bolti zote kumi, kuanzia katikati kwenda kingo, kisha 7, kisha 10. Baada ya hapo nikaomba rangi ya kucha kwa mke wangu, nikatia nukta nyekundu kwenye kichwa cha kila bolti upande wa mbele ya injini. Robo ya kwanza, nukta zote zikatazama pembeni. Robo ya pili, zote kumi zikatazama nyuma. Kwa vifuniko vya beringi za kamshafti, ambavyo hukazwa kwa nyutoni-mita 13 tu, nilisogeza ndoano hadi sentimita 20 na kuvuta kilo sita na nusu. Mizani ilirudi kwa mwenyewe saa tano usiku.

Injini iliwaka mara ya kwanza tulipogusa ufunguo, na nyumba nzima ilifurahi. Kwa siku 19 nilivuka feri kwenda kazini na kurudi.

Siku ya 20, asubuhi, niliwasha gari ili lipate joto kidogo, na kwa sababu ambayo siikumbuki nikaushika mpira wa juu wa rejeta. Injini ilikuwa haijafikisha dakika mbili tangu kuwashwa, maji bado ni baridi, lakini mpira ulikuwa mgumu kama embe bichi. Maji baridi hayawezi kuleta mgandamizo huo. Ni gesi ya silinda pekee inayoweza. Nilizima injini papo hapo, nikakaa kwenye ngazi ya baraza. Sikuhitaji glavu tena.

Tuliifungua upya, safari hii kwa siku moja badala ya tatu, na hedi nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye karakana ya kukereza vyuma huko Shimanzi. Aliipangusa, akalaza juu yake chuma chake kilichonyooka, akachukua filageji, kile kitita cha majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana, akaanza kuyapenyeza moja moja. Jani la 0.05 lilipita. La 0.10 likapita. La 0.15 likaingia kwa kubana.

"Mwanangu, hii uliifunga hivi hivi?" aliniuliza, na sauti yake haikuwa ya kunikebehi.

Nikamweleza habari ya rula na karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo: kwamba nguvu ya kukaza inaweza kutoka popote, hata kwenye kamba na mti, lakini unyoofu hauwezi kutoka kwenye kitu ambacho chenyewe hakikunyooshwa. Aliijaribu hedi kwa maji ya mgandamizo kuona kama ina ufa, haikuwa nao, akaiskimu, yaani akaukwangua uso wake kwa mashine mpaka ukawa sawasawa, na nikarudi nayo nyumbani nikiwa nimeifunga kwa shuka kama mtoto mchanga. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya gasketi niliyoiharibu.

Tangu hapo nimekuwa nikivigawa vifaa kichwani mwangu kwa namna tofauti na zamani. Viko vinavyoongeza nguvu, kama mpini mrefu, winchi na vuta-puli, na hivi karibu vyote vina mbadala kwa mtu mwenye bomba, ubao na subira. Viko vinavyopima kiasi, na hivi vina mbadala pia, ila kwa sharti kwamba unajua hesabu iliyo nyuma yake na umekijaribu kipimo chako kwa kitu unachokijua, kama nilivyofanya kwa unga. Na viko vinavyobeba usahihi ndani ya umbo lao: chuma kilichonyooka, filageji, mashine ya kuskimu. Hivi vya mwisho sijaona namna ya kuvibadilisha, na aliye mbali na karakana heri asubiri mpaka aifikie kuliko kufunga injini kwa kubahatisha. Filageji nilinunua wiki hiyo hiyo, na ni ya bei ndogo kiasi kwamba nashangaa jinsi nilivyoishi bila kuwa nayo.

Lakini gasketi haikuungua bila sababu, na sababu yenyewe ni jambo ambalo sisi wa Mombasa hatulisemi vya kutosha. Maji ya mfereji hayatutoshi. Mtaa wetu huyapata kwa zamu, na siku nyingine zote tunatumia maji ya kisima, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwambao huu yana chumvi kwa kuwa visima vimechimbwa katika mawe ya matumbawe karibu na bahari. Kwa miaka minne nilijaza rejeta kwa maji hayo bila kufikiri. Fundi wa rejeta alipoifungua ya kwangu, vijibomba vyake zaidi ya nusu vilikuwa vimeziba kwa gamba jeupe na kutu. Na chumvi haiishii kuziba. Injini hii ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Pembezoni mwa njia za maji za hedi yangu palikuwa na vishimo kama vya nondo kwenye nguo. Isitoshe, aluminiamu ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, hivyo injini inapochemka hedi hutaka kutanuka huku bloku ikiishikilia kwa bolti kumi, na mwisho wake ni kupinda.

Lililonishtua zaidi ni themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta. Haikuwapo. Mwenye gari wa kwanza au fundi wake alikuwa ameitoa, kwa imani iliyoenea kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi na huku kwetu kinachemsha magari. Kwa kweli themostati ndiyo inayoiweka injini katika joto moja, na injini iliyotengenezwa kufanya kazi katika joto hilo huchakaa haraka na kula petroli zaidi isipolifikia. Nilinunua mpya ya nyuzi 82 na sikutaka kuiamini kwa maandishi tu. Niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni, isiguse chini, nikaitazama. Sikuwa na kipimajoto, lakini sisi tulio usawa wa bahari tuna neema moja: maji yetu yanapochemka ni nyuzi 100, bila kupungua kama yanavyopungua kwao watu wa milimani. Ilianza kufunguka maji yakiwa yanatoa mvuke na vipovu vidogo kwenye kuta za sufuria, na kabla ya kuchemka ilikuwa wazi kabisa, kiasi cha milimita 8 na zaidi. Hiyo ilitosha kunihakikishia.

Ufungaji wa pili sitausimulia kwa urefu, kwa sababu ulifanana na wa kwanza, mizani ikiwamo. Tofauti ilikuwa katika maji. Nilisuuza injini kwa maji ya mvua mpaka yakatoka meupe, kisha nikajaza maji ya betri yaliyochanganywa na kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu. Niliacha kifuniko cha rejeta wazi, nikafungua hita hadi mwisho, nikawasha injini na kuubinya mpira wa juu mara kwa mara ili hewa itoke, mpaka mpira ukawa wa moto, ishara kwamba themostati imefunguka, na feni ikawaka na kuzima mara mbili. Kifuniko chenyewe nilinunua kipya, kwa kuwa springi ya kile cha zamani ilikuwa imelegea, na kifuniko kinachoshika mgandamizo ndicho kinachoyawezesha maji kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kulanti iliyomwagika niliiosha yote kwenye saruji, na beseni lake nikalifunika. Ni tamu kwa harufu na ni sumu, na mitaa yetu imejaa paka.

Huu ni mwezi wa 14 tangu siku hiyo. Machi nyingine imekwisha kupita, na foleni ya feri haijabadilika. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kupanda, mimi hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, nikatazama rangi ya maji, kisha nikawasha na kuushika mpira wa juu kwa dakika mbili. Hadi leo ni laini.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye sasa anajifunza ufundi wa magari Changamwe, alikuja nyumbani na spana ya kupimia mkazo aliyoiazima kwa mwalimu wake. "Mjomba, leo tujue ukweli," aliniambia. Tulikwenda kwa Ami kuomba mizani, tukaipanga spana kwenye nyutoni-mita 29, soketi yake ikabanwa kwenye jiliwa, na ndoano tukaiweka sentimita 30 kutoka katikati. Akavuta polepole kama nilivyomfundisha. Spana ililia mshale ukiwa chini kidogo tu ya kumi.